Kebo ya Leva ya Kushoto

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Simu wekeni kando, hazitakimbia. Kila mkija hapa kwangu mnaniuliza kwa nini msumeno wa kukata chuma unaning'inia karibu na mlango, mahali ambapo watu wengine wameweka picha ya Yesu. Mnauliza, mnacheka, halafu mnakunywa chai na kwenda. Sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja. Shule nilienda kidogo, nikatoka nikijua kusoma, kuandika na kujumlisha, na hizo tatu zimenitosha. Nitaeleza mara moja, na anayetaka asome.

Mimi nauza makaa hapa mtaani kwetu Silanga. Mnajua. Magunia yakifika yamepasuka midomo, nayashona mwenyewe kwa sindano ya gunia na uzi wa nailoni. Mshono wangu unakwenda mbele mara mbili, unarudi nyuma mara moja, halafu unafungwa fundo juu ya fundo. Sijaona mtu mwingine anashona hivyo. Wenzangu wananiambia napoteza uzi. Lakini gunia langu halimwagi makaa njiani. Huo mshono mkumbuke, nitaurudia.

Binti yangu wa mwisho ndiye opereta. Anaendesha ile eskaveta ndogo, nyinyi mnaiita katoto. Si ile kubwa ya kupasua barabara. Hii inaingia katikati ya nyumba zetu, pale ambapo hata mkokoteni unapita kwa kuomba njia. Ina mkono mmoja wa chuma, ndoo yenye meno mbele, na kiti kimoja kilichochanika ambacho yeye amekiwekea mto wangu bila kuniuliza. Wakati wa haya ninayoeleza ilikuwa inachimba mtaro wa maji taka kutoka juu huko Sarang'ombe kushuka mpaka kwetu.

Huyo binti alianza kwa kubeba mawe kwenye mjengo. Akabeba mawe, akachota maji, akaangalia wale wanaume wakiendesha. Siku moja opereta hakuja, na mwenye mashine alikuwa amesimama pale akipiga simu na kutukana. Binti yangu akamwambia, mimi naweza. Akapanda. Akachimba. Mwenye mashine akamwachia kiti, lakini akamwekea neno moja, na alilisema mbele yangu nikiwa nauza makaa.

"Nimekupa kwa sababu nimeona unaweza," alisema. "Lakini hapa nyumba zimekaa kama njugu kwa pakiti. Siku utagusa ukuta wa mtu, utashuka. Sitauliza kwa nini."

"Sawa," binti akasema.

Basi alikuwa anafanya kazi na hilo neno shingoni. Wanawake wa ploti wakamzoea. Kukiwa na jiwe mlangoni tangu nyumba ijengwe, wanamwita, "Dada, si unitolee tu hili, ni mara moja." Anatoa. Kuna kisiki, anang'oa. Na kila mtu anayesaidiwa anamletea kikombe cha chai, mpaka nikamwambia akatae chai nyingine maana hakuna choo karibu na mtaro.

Sasa, hiyo mashine si mpya. Ukikaa kwenye kiti, kuna leva mbili, moja kila upande. Leva ya kushoto ndiyo inayogeuza mashine izunguke, kiti na mkono na kila kitu. Chini ya leva kuna kebo, imepita chini ya sakafu ya chuma mpaka nyuma kwenye valvu, kile kifaa kinachofungua na kufunga nguvu ya mashine. Hii kebo si kama ile ya breki ya baiskeli ambayo inajua kuvuta tu. Hii inavuta na inasukuma. Ndani kuna waya mgumu, nje kuna ngozi ya plastiki. Ukiachilia leva, inarudi katikati yenyewe, na mashine inasimama kuzunguka. Mimi nayajua haya kwa sababu nimeishi na mtu ambaye akila ugali anaongea kebo.

Siku moja alikuja na hiyo kebo nyumbani.

"Mwaitu," akaniita. Kwetu Kitui mwaitu ni mama. "Ngozi imepasuka hapa kwa kona. Imekuwa ikisuguana na ukingo wa sakafu. Matope yanaingia. Nimemwambia mwenye mashine, anasema ningoje kidogo. Unaweza kunishonea kitu hapa?"

Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakizungusha pale penye ufa, nikashona kwa uzi wangu wa magunia. Mbele mara mbili, nyuma mara moja. Akairudisha. Ikakaa wiki kadhaa. Lakini kilichokuwa ndani kilikuwa kimeshaanza kushika kutu, na tyubu haiponyi kutu.

Ijumaa moja nilikuwa nimeanika shuka na kitambaa changu cha kanisa kwenye kamba ya nje. Binti anachimba mbele ya mlango wa jirani yetu, yule mama wa mandazi. Nikaona ameachilia leva, mkono wake umetoka kabisa kwenye leva, na mashine bado inazunguka. Polepole tu. Mkono wa chuma ukachukua kamba yangu, ukachukua shuka, ukaelekea ukuta wa mama wa mandazi. Akasukuma leva kwa nguvu kurudi. Ndoo ikasimama. Kati ya yale meno na ule ukuta wa udongo, mtu angepitisha kiganja, si zaidi.

Mama wa mandazi akatoka na kijiko chake cha kuepua.

"Wewe msichana," akasema, "unataka mandazi ama unataka nyumba?"

"Samahani, mama."

"Samahani utaipata, mandazi utanunua. Na shuka ya mamako inafagia mtaro, mwambie."

Watu wakacheka. Binti hakucheka. Alilaza ndoo chini, akazima injini, akasogeza leva zote huku na huku mpaka nguvu iliyobaki ikaisha. Akafungua sakafu. Nikasogea kuangalia. Nyuzi za waya zilikuwa zimesimama kama nywele za paka aliyeogopa. Akafungua nati huku, akatoa pini kule, na kabla ya kuivuta ile kebo akafunga kamba ya manila kwenye ncha yake. Kebo ilipotoka, kamba ikabaki mahali pake chini ya sakafu.

"Hiyo ya nini?" nikauliza.

"Ndiyo itaonyesha ile mpya njia."

Hapo nilijua hakukosea kupanda kile kiti.

Akampigia mwenye mashine. Simu ilikuwa na sauti kubwa, tukasikia sote. "Pesa ya kebo natuma. Tafuta Kawangware, kwa wale wa spea. Lakini sikia. Jumatano asubuhi mimi nakuja hapo. Nikikuta imesimama, ama nikikuta inayumba, nakuja na opereta mwingine. Kijana yuko tayari." Akakata.

Jumamosi mvua. Jumapili kanisa na mvua. Jumatatu njia ilikuwa matope mpaka kwenye goti. Kebo ilikuwa imekaa nyuma ya mlango, imekunjwa duara, ikingoja kwenda kama sampuli. Jumanne tukaamka. Binti akavaa buti, akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akapapasa. Akaingiza kichwa, akatazama. Hakukuwa na kitu.

"Mwaitu, kebo iko wapi?"

Mimi sikuigusa. Nikamgeukia mzee. Mume wangu alikuwa ameketi kitandani anakoroga chai, na alikuwa anakoroga sana.

"Mzee."

"Naam."

"Kebo."

"Ile waya?" akasema. "Si ilikuwa imeisha? Jana yule wa mkokoteni wa skrepu, vyuma kuukuu, aliuacha huko barabarani akapita kwa miguu, nikampa pamoja na lile jiko lililotoboka."

"Ulimpa!"

"Nilimpa kwa kilo. Wewe mwenyewe ulisema nyumba imejaa vyuma vilivyokufa."

Hilo ni kweli, nilisema. Nyinyi mnajua sisi hapa. Hakuna kitu cha chuma kinacholala nje, na kitu kikiharibika kinakwenda kwa mtu wa mkokoteni kabla hakijapoa. Mzee wangu kwa hiyo kazi ni hodari. Akiona msumari umepinda anauliza kama bado tunauhitaji. Sikuwa na wakati wa kugombana. Nilimwambia, "Tutaongea jioni," na nyinyi mliolelewa na mimi mnajua hayo maneno yana uzito gani.

Binti alikuwa na kipimo. Ijumaa ile alikuwa ameinyoosha kebo chini akaipima kwa uzi, akakata uzi sawasawa. Kwa hiyo urefu tulikuwa nao. Lakini kebo si urefu tu. Kuna ncha zake, unene wake, jinsi inavyofungwa huku na kule, na hizo alikuwa nazo kichwani peke yake. Nikafunga kibanda cha makaa, nikachukua kiondo, tukaenda Kawangware wote wawili. Nilifanya kazi ya nyumba za watu kule nikiwa msichana, na watu wa soko la kule nawajua. Wanaanza kukuambia bei kabla hujasema unataka nini.

Wa kwanza hakuwa nayo. Wa pili alituonyesha kebo ya pikipiki akasema inaweza kuingia ikilazimishwa. Binti akamtazama tu. Wa tatu alikuwa kijana mwenye kofia, kibanda chake kimetundikwa minyororo na mikanda mpaka huoni paa.

"Niaje, shosho. Niaje, sista. Mnatafuta?"

Kwao mimi ni shosho, bibi mzee. Binti akamweleza. Kijana akapiga makofi.

"Yaani nyinyi mna bahati! Imeingia jana jioni. Ya eskaveta ndogo, kitu orijino. Haijakaa hata siku mbili."

Akaingia nyuma, akatoka nayo. Ilikuwa nyeusi, inang'aa kwa oili, imezungushwa selotepu mpya ya umeme pale kwenye kona. Binti akaweka uzi wake kando ya hiyo kebo. Urefu sawa. Akatazama ncha. Ncha sawa. Nikaona uso wake unafunguka, maana alikuwa anaona Jumatano imepona.

"Mbona imefungwa selotepu?" nikauliza.

"Ni protekshen tu, shosho. Isiguswe na jua."

"Nipe niishike."

"Shika, shosho, hata ukitaka ibebe mgongoni kama mjukuu."

Nikaishika. Vidole vyangu vimeshona magunia miaka mingi, havihitaji macho. Nikapitisha kidole gumba juu ya selotepu. Mbele, mbele, nyuma. Fundo juu ya fundo.

"Toa hii selotepu," nikamwambia.

"Shosho, nikitoa itaharibika shoo, haitavutia macho."

"Toa, ama nitoe mimi."

Akacheka, akatafuta watu wa kucheka naye. Nikatoa mimi. Nikaanza na kucha, nikavuta, ikaja yote. Tyubu ya baiskeli ikatokea, na uzi wangu wa nailoni, bado una vumbi la makaa kwenye mashimo ya sindano.

Binti yangu akainama, akatazama, akanyoosha mgongo. Alirudisha pesa ndani ya blauzi.

"Kijana," nikasema, "hii kebo ililala nyuma ya mlango wangu tangu Ijumaa mpaka jana. Huo mshono ni wangu. Mzee wangu ameiuza kwa kilo. Sasa unaniuzia mimi tena?"

Watu wa kibanda cha pili wakaanza. "Wee! Umeuzia shosho nguo yake ya ndani!" Mwingine akasema, "Mpe na risiti!" Kijana akavua kofia akaivaa tena.

"Lakini shosho, mimi naletewa. Mimi najuaje ilitoka wapi? Nimeosha, nimetia oili, inasonga. Ivute uone."

Nikaivuta. Na ni kweli, ilisonga. Kwa ile oili ilisonga vizuri kabisa, inaenda na kurudi, ungesema ni nzima. Binti yangu aliijua mashine kuliko mtu yeyote, na alikuwa karibu kuinunua ile kebo. Ingefanya kazi asubuhi moja, mwenye mashine angetazama, angefurahi, angekwenda zake. Halafu oili ingekauka, na leva ingekwama siku mtoto wa mtu anapita. Na kama si sisi, basi opereta mwingine, mtaa mwingine, ukuta mwingine, ambako hakuna mtu anayejua mshono wangu.

"Hiyo hutauza," nikamwambia.

"Shosho, ni mali yangu. Nimenunua."

Binti akaingia kati. Alisema kwa upole, anavyosema na mashine. "Broo, wewe uko na mpya? Ya dukani, haijatumika?"

"Mpya naweza kutoa kwa jamaa yangu pale mbele. Lakini anataka sampuli."

"Sampuli si hii hapa? Tuende nayo. Mpya tunanunua kupitia kwako, upate chako. Hii nayo inabaki na sisi."

Kijana akafikiri. Akanitazama mimi, nikamtazama. "Mathe wako ni mkali," akamwambia binti.

"Hujamwona," binti akasema.

Tukaenda wote watatu. Kwa yule jamaa wa mbele wakalinganisha, na sampuli ikatusaidia, maana ile ya kwanza aliyotoa ilikuwa sawa kwa urefu lakini mikato ya kufungia nati kwenye ncha moja ilikuwa myembamba. Tungekwenda na kile kipimo cha uzi tu, tungefika nyumbani na kitu kisichofunga. Ya pili ikakubali kila mahali. Ikalipwa. Ile ya zamani nikaiweka kwenye kiondo changu, mkono juu yake, mpaka Silanga.

Jua lilikuwa bado lipo tulipofika. Binti akatoa waya wa betri kwanza. Akafunga ncha ya kebo mpya kwenye ile kamba ya manila, akaingia nyuma kwa valvu.

"Mwaitu, sukuma polepole. Usiikunje. Ikikataa, niambie, usishindane nayo."

Nikapiga magoti kwenye matope na nguo yangu ya kwenda soko. Nikasukuma, yeye akavuta kamba. Ikapita chini ya sakafu kama nyoka anayejua shimo lake. Pale kwenye kona ambapo ile nyingine ilisuguana, akasogeza kishikio cha kebo kidogo mbali na ukingo, na mimi nikamkatia kipande cha tyubu, safari hii si cha kufunika ufa, ni cha kuvisha ule ukingo wa chuma. Akatia pini. Akaweka leva katikati, akarekebisha nati mpaka valvu nayo ikawa katikati, akazibana. Akasogeza leva kushoto, akaachilia. Ikarudi. Kulia, akaachilia. Ikarudi. Alifanya hivyo mpaka mama wa mandazi akauliza kama anapepeta mchele.

Jumatano mwenye mashine akaja asubuhi, na yule kijana wake, opereta mwingine, nyuma yake, amevaa buti safi. Binti alikuwa tayari kwenye kiti. Akawasha. Hakusalimia sana. Akachimba pale pale palipobaki, mbele ya ukuta wa mama wa mandazi, ndoo ikaingia, ikajaa, ikageuka, ikaachilia, ikasimama. Kila alipoachilia leva, mashine ilisimama. Mama wa mandazi alikuwa amesimama mlangoni kwake na kijiko mkononi, na hakurudi nyuma hata hatua.

Mwenye mashine akaweka kiganja chake kati ya ukuta na ndoo, akakitoa. Akamwambia yule kijana, "Nenda nyumbani. Nitakupigia." Kisha akamwambia binti yangu, "Ukimaliza hapa, kuna mtaro mwingine huko juu." Akanunua mandazi, akaenda.

Jioni ile mzee alikuwa ametulia kuliko kawaida. Alikuwa amefagia, amechemsha maji, amekaa. Nikaweka ile kebo ya zamani mezani mbele yake, na mshono wangu juu.

Akaitazama. "Imerudi?"

"Imerudi. Imeoshwa, imepakwa oili, na ilikuwa karibu kuuziwa binti yako."

"Mimi niliuza skrepu," akasema. "Sikuuza kebo."

Na hilo nililifikiria, maana alisema kweli. Kwake ilikuwa skrepu. Kwa wa mkokoteni ilikuwa kilo. Kwa yule kijana ilikuwa kebo. Kitu kikiwa kizima kwa umbo, kila mtu atakipa kazi anayotaka.

Nikamtuma binti kwa fundi wa vyuma, akarudi na msumeno. Nikampa mzee. Akaikata kebo vipande vitatu pale pale mezani, jasho linamtoka, na hakuna aliyemsaidia. Vile vipande akaviuza kesho yake kwa mtu yule yule wa mkokoteni, na mimi sikusema lolote. Nikapiga msumari karibu na mlango, nikatundika msumeno, nikawaita wote waliokuwa ndani ya nyumba, mkubwa na mdogo, nikawaambia:

"Kuuza uzeni. Lakini kitu kilichoharibika hakitoki mlango huu kikiwa kizima. Kata kwanza."